Baridi ya Kibo huanza na jasho

Kila Desemba inapokaribia, Watanzania wenzangu wanaotaka kuiadhimisha siku ya Uhuru wakiwa kileleni mwa Kilimanjaro hunipigia simu hapa Moshi kuuliza wanunue jaketi la unene gani, nami huwauliza kwanza watavaa nini ndani yake. Katika miaka yangu ya kuongoza wageni mlimani nimeona watu wakizidiwa na baridi wakiwa wamevaa majaketi mazuri sana, kwa sababu fulana ya pamba ikishalowa jasho haikauki kule juu, na unyevu wake hunyonya joto la mwili kila mnaposimama kupumzika.

Safari ya mwisho huanza yapata saa sita usiku kutoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, kuelekea kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Ondoka kambini ukihisi baridi kidogo, tembea polepole usitoke jasho, na jaketi zito uliweke juu kabisa ya mkoba ili ulivae mara mnaposimama. Usiku mmoja, kabla hatujafika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kijana mmoja alishindwa kufunga zipu yake. Nilipomvua glavu nilikuta ile ya ndani imelowa kiasi cha kukamulika, na aliponijibu maneno yalikuwa yakiburutika mdomoni. Nilimvisha glavu zangu za akiba, tukateremka pale pale, ingawa alinisihi tuendelee. Vidole visivyotii, ulimi mzito na kuyumba ni dalili za kugeuza, na mtu aliyekuwa akitetemeka kisha akaacha ghafla ilhali bado ana baridi yuko katika hatari kubwa zaidi.

Nguo za ndani za sufu au za nailoni hupatikana kwa bei nafuu katika mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, ukiwa na subira ya kusoma lebo moja moja. Chupa ya maji ibebwe mdomo ukiwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu; betri za tochi zikae mfukoni karibu na mwili.

Langoni Marangu, safari inapoanzia, kabla mizigo haijapimwa kuhakikisha kwamba hakuna mpagazi anayebeba zaidi ya kilo 20, mimi hukagua buti na soksi za wapagazi wangu, maana nao watalala kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, na baadhi yao huja na jaketi moja tu, lile lile walilovaa.