Je, wajua? "Zamu ya mbwa" ya Mwingereza si ya Mfini

Anayetafsiri riwaya ya Kiingereza ya mambo ya bahari kwenda Kifini hatolewi jasho na maneno asiyoyajua. Hayo atayatafuta kwenye kamusi. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua.

Ufini ilikuwa chini ya Uswidi hadi 1809, na sehemu kubwa ya pwani yake, pamoja na visiwa vya Åland, imeendelea kusema Kiswidi. Baharia Mfini akarithi msamiati wa meli kutoka huko. Upande wa kushoto wa meli ni "paarpuuri" na wa kulia ni "tyyrpuuri", yote ya Kiswidi yaliyopewa matamshi ya Kifini. Kando yake yapo maneno ya Kifini chenyewe. Usukani ulio majini ni "peräsin", kutokana na "perä", yaani tezi, sehemu ya nyuma ya chombo. Lakini gurudumu analolishika baharia ni "ruori", la Kiswidi tena. Tena kitu kimoja huweza kuwa na majina mawili, na kila jina lina watu wake.

Tuje kwenye zamu ya mbwa. "Dog watch" ya Kiingereza ni zamu mbili fupi: saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, kisha saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Zilifupishwa kwa sababu ya hesabu. Zamu za saa nne nne ni sita kwa siku, na mabaharia wakigawanywa makundi mawili, kundi lile lile litaangukia usiku wa manane kila siku. Kata moja katikati, zamu zinakuwa saba, na makundi yanapokezana. Kifini nacho kina "koiravahti", neno kwa neno zamu ya mbwa, ila hiyo ni ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, ambayo Mwingereza huiita "middle watch". Mfasiri akizichanganya, mabaharia wanaokula chakula cha jioni kweupe watajikuta gizani totoro. Dawa ni kuandika saa zenyewe, "vahti kello 16–18", na kuiacha "koiravahti" isimame mahali pa "middle watch" tu.

Kengele zina mtego wake. "Eight bells" maana yake zamu imekwisha: kila nusu saa kengele hupigwa na pigo moja huongezwa, mpaka yatimie manane. Katika Kifini "kello" ni kengele na pia ni saa ya ukutani, na "kello kahdeksan", neno kwa neno "kello" nane, ni saa mbili kwa hesabu yetu. Mabaharia wenyewe husema "kahdeksan lasia", glasi nane, kwa kuwa zamani muda ulipimwa kwa chupa ya mchanga iliyopinduliwa kila nusu saa.

"Sheet" si tanga, na si shuka la kitandani. Ni kamba inayokaza pembe ya chini ya tanga, ile ambayo wenye majahazi kwetu huiita demani. Kifini ni "jalus", na vinywani mwa mabaharia "skuutti". Kwa maoni yetu, mwongozo wa mashua uandike "jalus", lakini serahangi, msimamizi wa mabaharia, anayefoka katikati ya dhoruba apewe "skuutti". Vivyo hivyo nahodha: sheria ya bahari ya Ufini humwita "päällikkö", ila sitahani humwita "kapteeni". "Galley" ni jiko la meli, "kambyysi", au ni merikebu ya makasia, "kaleeri". Angalia kama kuna sufuria au wapiga makasia. "Fathom", pima yetu, ni mita 1.83, ilhali "syli" ya zamani ya Kifini ni mita 1.78. Katika riwaya haidhuru. Katika ramani ya kina cha maji, geuza kuwa mita.

Amri za usukani ndizo mbaya zaidi. Usiku wa 14 Aprili 1912 afisa William Murdoch wa Titanic aliamuru "hard a-starboard", kulia kabisa, na meli ikageukia kushoto. Hakukosea, wala mshika usukani hakumsikia vibaya. Amri za Waingereza wakati huo zilitaja upande wa kana, ule mpini wa usukani, na kana ikisukumwa kulia chombo huenda kushoto. Desturi hiyo iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa kisa cha kabla ya hapo, mfasiri abakishe "tyyrpuuriin" kama ilivyotamkwa, kisha sentensi inayofuata iseme wazi kwamba meli iligeukia "paarpuuri". Kwa kitabu chenye kisa cha baadaye, kulia ni kulia.