Lafudhi ya Mkopeshaji wa Tamthilia ya Kituruki Haikutokea Tu

Kila tamthilia ya Kituruki yenye mkopeshaji wa riba inapoingia hewani kwa Kiswahili, hoja ni ileile: "Humu hakuna utofauti, wote Waturuki tu." Hapana. Utofauti umo tele. Sisi tunaoingiza sauti ndio tunaoufuta.

Mtazamaji wa Uturuki humtambua mhusika kwa lafudhi hata kabla hajaona sura. Mtu wa Bahari Nyeusi husema "cel" badala ya "gel" (njoo), c ikitamkwa kama j yetu, na hupenda kumalizia sentensi kwa "da". Wa mashariki husema "yoh", h ikitoka kooni, pale wa İstanbul anaposema "yok" (hakuna). Mara nyingi mswada hautamki kabisa neno "Mkurdi". Unataja Mardin, Urfa au Diyarbakır, miji ya kusini-mashariki wanakoishi Wakurdi wengi, lafudhi inamalizia. Ukimya huo una historia: sheria ya 1983 ilipiga marufuku machapisho ya Kikurdi, ikafutwa 1991, na televisheni ya taifa ikafungua chaneli ya Kikurdi 2009.

Sasa sikiliza lafudhi hiyo amepewa nani. Mara nyingi mno mkopeshaji na vijana wake wa vitisho wanaongea kimashariki. Wakili na daktari wanaongea Kituruki cha İstanbul. Mtazamaji wa İzmir anaisikia dharau hiyo na anaweza kuipinga. Wa Mwanza anasikia Kiswahili sanifu kwa wote, basi anadhani hakuna cha kupinga.

Tafadhali, dawa si kumpa mkopeshaji lafudhi ya Kisukuma au Kimakonde. Hapo umehamisha tusi, ukawabebesha wengine. Kabla ya kurekodi, andaa karatasi ya kila mhusika: mji alikotoka, lugha ya nyumbani kwao, elimu, na anavyowaita wakubwa. "Ağa", yule mwenye ardhi wa kijijini, abaki "ağa". Ukimwita "bosi" umemng'oa kwao. Na jina la mji lisikatwe ili maneno yalingane na midomo. Punguza silabi kwingine.

Dhana nyingine: mkusanya madeni lazima awe dume lenye bastola. Kukopesha kwa riba kinyemela ni jinai, kifungu cha 241 cha sheria ya adhabu ya Uturuki. Njia halali ni mdai au wakili wake kufungua faili kwenye ofisi ya utekelezaji, icra dairesi, ambayo ofisa wake anafanana kikazi na dalali wa mahakama wa Tanzania. Kwa deni lisilo na hukumu, mdaiwa hupokea amri ya kulipa na kwa kawaida ana siku 7 za kuipinga; akiipinga, utekelezaji unasimama. Mshahara wa mfanyakazi kwa kawaida haukatwi zaidi ya robo, isipokuwa kwa matunzo ya familia. Wanawake ni wengi katika uwakili wa Uturuki, kwa hiyo mwanamke mwenye faili mkononi ndiye sura halisi zaidi ya kazi hii.

Ati deni linafunga mtu? Tangu 2001 katiba inakataza kumnyima mtu uhuru kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kinachoweza kumweka ndani, kwa mfano, hadi miezi 3, ni kuvunja ahadi ya malipo aliyoiweka rasmi kwenye ofisi ya utekelezaji. Waandishi wa miswada huchanganya mambo haya mawili, na watafsiri tunayabeba vivyo hivyo.

Mwisho, dhana kwamba mweusi kwenye tamthilia ya Kituruki lazima awe mgeni. Wazao wa watumwa wa Kiafrika wanaishi pwani ya Aegean, magharibi mwa Uturuki, hasa upande wa İzmir, vizazi na vizazi. Mustafa Olpak, aliyeanzisha chama chao mwaka 2006 huko Ayvalık, mji wa pwani hiyo, ukoo wake ulitekwa Kenya ukapitia kisiwa cha Krete. Filamu za zamani ziliwapa watu hawa nafasi ya yaya. Akitokea mwenye duka mweusi wa Ayvalık anayedaiwa kama jirani zake, mpeni Kiswahili kilekile cha jirani zake. Msimvunjie lugha ili asikike mgeni.