Usikate Ghafla Dawa Kali za Maumivu

Mtu aliyemeza mofini, kodeini, oksikodoni au tramadoli kila siku kwa wiki kadhaa, akiacha kwa siku moja, mwili humgeuka. Huanza na miayo isiyokwisha, makamasi na machozi. Kisha jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kusokota, kuhara, kutapika, na miguu isiyotulia usiku kucha. Mitaani huitwa arosto. Kupatwa nayo si ushahidi wa uraibu: humpata hata anayefuata saa na dozi aliyoandikiwa, na kumwita mgonjwa wa namna hiyo teja ni kumwonea.

Dawa hizi hukandamiza seli za ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili. Seli hizo huzoea mzigo na kuongeza nguvu ili kufidia. Mzigo ukiondolewa ghafla, nguvu yote hufumuka. Kwa dawa ambazo nguvu yake huisha upesi, dalili huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hukolea siku ya pili au ya tatu, na huchukua siku 4 hadi 10. Kwa methadoni, dawa ya kundi hilihili inayokaa mwilini muda mrefu, dalili huchelewa kuanza, na huchelewa kuisha.

Njia salama ni kushuka polepole, ukisimamiwa na aliyekuandikia dawa. Aliyetumia mwaka au zaidi hupunguza takriban asilimia 10 kwa mwezi; aliyetumia wiki au miezi michache huweza kupunguza kiasi hicho kwa wiki. Chukua mofini ya maji yenye miligramu 10 katika mililita 5, inywewayo mara 6 kwa siku: jumla miligramu 60. Hatua ya kwanza ni kunywa mililita 4.5 badala ya 5 kila mara, na jumla inakuwa 54. Nusu mililita haipimiki kwa kijiko cha chai. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, na usome nguvu ya dawa kwenye chupa kila unapopewa mpya, kwani hutofautiana. Vidonge vya kuachia dawa taratibu visikatwe wala kusagwa, kwa sababu dozi ya saa nyingi humwagika mwilini kwa mkupuo. Dalili zikizidi, baki kwenye dozi uliyofikia hadi zitulie.

Tramadoli ina lake. Hugusa pia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, hivyo wengine wakiiacha hupata hofu kali, kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo.

Kuhara na kutapika hukausha mwili. Kunywa maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Mjamzito asiache mwenyewe kamwe, kwani kukata ghafla kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Linaloua zaidi huja baadaye. Ndani ya siku chache bila dawa, mwili hupoteza uzoefu wake wa kuistahimili dawa. Maumivu yakirudi, mtu hurudia dozi yake ya zamani, na dozi hiyo sasa humzimia pumzi. Akilala asiamke, akipumua kwa nadra, midomo ikabadilika rangi na mboni zikawa kama nukta, ita msaada wa dharura, mlaze ubavu, mpe naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya dawa hizi, ikiwepo. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na dawa aliyomeza inaweza kuwa bado mwilini.