Lenzi ya milimita 25 haitakuonyesha NGC 3314

Kila giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa huku Mtwara wanawasha taa zao baharini, na wenye darubini wanaanza wimbo ule ule: galaksi hafifu hutazamwa kwa ukuzaji mdogo, weka lenzi ya kutazamia ya milimita 25 na usiiguse. Nimechoka. Ushauri huo unafaa kwa galaksi pana kama Andromeda. Ukiupeleka kwenye kundi la galaksi la Shuja (Hydra), yaani Abell 1060, unakoitafuta galaksi hafifu ya NGC 3314, utaona nyota kibao na ukungu mmoja au miwili, kisha utailaumu darubini.

Chukua darubini ya kioo ya Dobsoni ya inchi 10, f/5, yaani mwanga wake hukusanyika umbali wa mara tano ya upana wa kioo. Lenzi ya 25 inakuza mara 50. NGC 3314 ina urefu wa dakika za tao 1.5 hivi (digrii moja ina dakika za tao 60), kwa hiyo jicho linapewa kitu cha digrii moja na robo. Ni kidogo mno. Seli za pembeni ya jicho, ndizo zinazofanya kazi gizani, hujumlisha mwanga wa eneo zima badala ya kusoma nukta moja moja. Weka lenzi ya 7, karibu mara 180, na doa lile lile linafika digrii 4 na nusu.

Hapo ndipo ninapokatizwa: "Lakini picha inafifia!" Ndiyo, inafifia. Na anga iliyo nyuma yake inafifia kwa kiasi hicho hicho. Tofauti ya galaksi na anga, ukiipima kwa uwiano, haisogei hata chembe. Kilichobadilika ni upana wa doa, na jicho gizani hunasa doa pana hafifu upesi kuliko doa dogo lenye uhafifu ule ule. Isome tena sentensi hiyo kabla ya kunitumia ujumbe.

Mpaka upo, bila shaka. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ukibana chini ya milimita moja hivi, anga huwa nyeusi tii na galaksi nayo inazama. Ila mpaka wenyewe huhama na unyevu wa usiku ule, na hesabu ya kitabuni haiujui unyevu wa pwani. Mimi hubahatisha tu: lenzi ya 9, ya 7, ya 5, kisha narudi nyuma.

Kulifikia kundi ni rahisi. Mapema Mei, saa 2 usiku, liko digrii 73 juu, upande wa kusini. Anzia nyota kuu ya kundinyota la Pampu (Antlia), nenda digrii 4 kaskazini-mashariki, utakutana na nyota ya mag 5 (mag ni kipimo cha mng'ao). Galaksi za NGC 3311 na 3309 zinakaa kusini-magharibi yake, dakika za tao kama 10, zimebanana kwa chini ya dakika 2 za tao. Nyota hiyo ni ya galaksi yetu na inakera kama tochi ya bodaboda. Ukuzaji mkubwa unaitupa nje ya duara la kutazamia. Lenzi ya 25 inaibakiza humo humo. NGC 3314 iko kusini-mashariki zaidi. Usitegemee kuona galaksi mbili zilizopishana kama kwenye picha ya Hubble, darubini ya angani; utaona doa moja tu, refu kidogo.

Na je, umeiona kweli? Swali gumu. Tazama kwa pembeni, gonga bomba taratibu (jicho hushika haraka kinachotikisika), chora mahali ulipoiona, na picha uifungue baadaye. Ikijitokeza mara tatu mahali pale pale, naiandika. Mara mbili naweka alama ya kuuliza, na daftari langu lina alama hizo nyingi kuliko ningependa.

Kaa ukiipa bahari mgongo, maana taa za dagaa zikikupiga jichoni unaanza upya nusu saa ya kuzoea giza. Umande hushika kioo kidogo cha juu kwanza, basi refusha mdomo wa bomba kwa sponji nyeusi. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukianza, usiache bomba wazi hadi alfajiri. Salfa ikitua kwenye kioo usiifute kwa kitambaa, utakwaruza utando wa alumini. Mwagia maji mengi, kisha tone la sabuni ya vyombo, na suuza mwisho kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi.