Mama amedeki, risasi bado iko dirishani

Tafiti nyingi za sumu ya risasi (ile metali, si ya bunduki) kwa watoto huanza kwa kumhoji mama. Unamnawisha mtoto kabla ya kula? Unadeki kwa maji au unafagia vumbi kavu? Ni maswali halali, nami nimeyauliza sana. Tatizo ni pale majibu yake yanapogeuzwa kuwa maelezo ya kwa nini damu ya mtoto ina risasi.

Chukua mji wa Rochester, New York, wenye nyumba nyingi za kupanga zilizojengwa kabla Marekani haijapiga marufuku rangi zenye risasi majumbani mwaka 1978. Dirisha la zamani la kupandisha na kushusha, kila likivutwa mbao husuguana, rangi ikasagika na kuwa unga. Unga huo hutua kwenye kizingiti, mahali hasa anaposhika mtoto anayejifunza kusimama, na dakika moja baadaye vidole viko mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Huko mtafiti Bruce Lanphear na wenzake waliandikisha watoto 275 wa miezi sita. Kwa kura, baadhi ya familia zilipewa vifaa vya usafi na mshauri aliyezitembelea hadi mara nane. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Watoto walipotimiza miezi 24, wastani wa risasi ulikuwa mikrogramu 7.3 kwa desilita ya damu kwa waliosaidiwa na 7.8 kwa wenzao. Kitakwimu, hakuna tofauti. (Deki tu, lakini, vumbi lenye maji halirushwi hewani.)

Kilichokuja kubadilika ni sheria. Mwaka 2005 jiji lilipitisha ukaguzi wa risasi katika nyumba za kupanga, mzigo ukahamia kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kung'oa lile dirisha.

Bangladesh ni hivyo hivyo. Risasi katika damu ya wajawazito wa vijijini ilifuatiliwa hadi kwenye kiungo cha manjano kilichotiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye risasi, ili king'ae. Mpishi angejuaje? Ile rangi nzuri ndiyo iliyomvutia. Masoko yalikaguliwa, wauzaji wakatozwa faini, na sampuli zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021, bila mama kulazimika kubadili mapishi.

Kwetu Kenya kuna mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alifanya kazi pale huku akinyonyesha, na mwanawe akakutwa na risasi mwilini. Dodoso la unawaji mikono lingemwambia nini mama huyo?

Kwa hiyo dodoso langu sasa lina maswali mengine: nyumba ni ya nani, rangi ni ya lini, viungo vinanunuliwa wapi, na upepo unavuma kutoka kiwanda gani.