Je, wajua kwa nini makumbusho huhifadhi vigae vya vyungu vilivyovunjika?

Mgeni anayeingia Makumbusho ya Lamu, katika lile jumba linaloelekea bahari, kwa kawaida huvutwa kwanza na siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mali ya makumbusho yenye mikusanyo ya akiolojia haionekani katika kabati za vioo. Hukaa ghalani, ndani ya mifuko na masanduku, na nyingi ni vigae, yaani vipande vya vyungu, sahani na mabakuli ambavyo wenyewe walivitupa jaani karne nyingi zilizopita. Ni haki ya mtu kuuliza taka za watu wa kale zina faida gani hata zikapewa nambari, daftari na mhifadhi wa kuzitunza.

Sababu ya kwanza ni kwamba udongo uliochomwa hauozi. Katika mwambao wetu wenye chumvi, unyevu na mchwa, nguo, mikeka, makuti na hata boriti hutoweka baada ya muda, ilhali chungu, ambacho huvunjika upesi mno kikiwa mikononi mwa mpishi, kikishavunjika hakina tena la kuogopa. Kila kizazi kilichoishi mahali fulani kiliacha vigae vyake juu ya vile vya waliotangulia. Kwa kuwa umbo la mdomo wa chungu, nakshi zake na udongo wake hubadilika kadiri miaka inavyopita, mwenye kuvisoma vigae kutoka tabaka la chini hadi la juu huisoma historia ya mji ambao haukuandika tarehe zake.

Shanga, kwenye pwani ya kusini ya kisiwa cha Pate, ni mfano ulio karibu nasi. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimbua huko katika miaka ya 1980, alikuta chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mawe mabaki ya misikiti ya awali iliyojengwa kwa miti, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mashimo ya nguzo hayasemi umri wake. Umri hupatikana kwa vitu vilivyomo katika tabaka hilohilo, kama vile makaa, sarafu na vigae, hasa vya vyombo vilivyotoka ng'ambo. Shanga na Manda, mji wa kale katika kisiwa jirani, kwa mfano, zimetoa vigae vya mabakuli ya Changsha, China. Mabakuli ya aina hiyo yalijaa katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, likagunduliwa mwaka 1998, na mojawapo lilikuwa na tarehe iliyoandikwa ya mwaka 826. Kwa njia hii kipande kisichozidi kidole, kilichookotwa katika visiwa vya Lamu, hupata jirani mwenye tarehe upande wa pili wa bahari.

Hapo ndipo ulipo mtego, na wachimbuzi wa zamani walinaswa. Kila anayezijua nyumba za mawe za Lamu anajua kwamba vyombo vya kauri vya kigeni vilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ili vionekane, na chungu cha kupikia kikabaki jikoni na masizi yake. Wanaakiolojia wa mwanzo nao walivutiwa na kauri. Neville Chittick, aliyechimbua Manda katika miaka ya 1960 na 1970, aliamini kwamba mji huo ulianzishwa na wahamiaji kutoka Ghuba ya Uajemi. Lakini sehemu kubwa mno ya vigae katika miji hii ni vya vyungu vya wenyeji, na vile vya matabaka ya chini kabisa ya Shanga, vyenye nakshi za pembetatu zilizochorwa kabla udongo haujachomwa, ni vya mtindo unaopatikana pia kando ya Mto Tana na mbali zaidi bara. Waliouanzisha mji huo walipika kama majirani zao wa bara. Kwa maoni yangu, hakuna kauri ya zidakani iliyobadilisha historia ya Waswahili kama vigae hivyo vyeusi visivyopendeza macho, na vile ambavyo wachimbuzi wengi wa zamani walivihesabu kisha wakavitupa kwa kuwa havikuwa na mdomo wala nakshi ni hasara isiyolipika.

Kigae, hata hivyo, hakina thamani hiyo peke yake. Thamani yake imo katika kujulikana kilitoka shimo gani na tabaka gani, na kazi kubwa ya mhifadhi ni kuhakikisha kwamba kigae na habari zake havitengani. Kwa hiyo nambari huandikwa juu ya kigae chenyewe kwa wino, mahali pasipo na nakshi wala ukingo uliovunjika, juu ya utandu mwembamba wa vanishi inayoweza kuondolewa bila kukidhuru. Lebo nyingine huwekwa ndani ya mfuko, nyingine nje yake, na maelezo yaleyale huingizwa daftarini. Anayeona kwamba huku ni kujirudia bure hajaona lebo ya karatasi baada ya masika kadhaa katika ghala lenye unyevu na mende.

Chumvi ni adui mwingine. Kigae kilichozikwa karibu na bahari hunyonya chumvi, na kila hewa inapokauka chumvi hiyo hugeuka chembe ngumu zinazosukuma na kubandua ule mng'ao wa juu wa chombo. Dawa yake ni kukiloweka katika maji matamu yanayobadilishwa mara kwa mara. Lakini chungu kilichochomwa kwa moto hafifu kinaweza kumong'onyoka kikilowekwa mno, na kuna tatizo jingine kubwa zaidi: kuta za chungu kisichopakwa mng'ao hufyonza mafuta ya vyakula, na maabara za leo zinaweza kuyatambua mafuta hayo hata baada ya mamia ya miaka. Kuosha kunaweza kuharibu ushahidi huo. Ndiyo maana baadhi ya vigae huachwa makusudi na uchafu wake, vikisubiri maswali ambayo aliyevichimbua hakuwa na njia ya kuyajibu.

Kanuni hii ya mahali na tabaka haivihusu vigae pekee. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala kati ya 1402 na 1424, imepatikana Manda. Habari ilienea kwa haraka, na wengi wakaisoma kuwa ni ushahidi kwamba merikebu za Zheng He, amiri wa majini wa mfalme huyo, zilitia nanga hapo. Sarafu peke yake haiwezi kusema hivyo, kwani hupita mikono mingi na kuzunguka miaka mingi. Inachothibitisha ni kwamba tabaka ilimokuwa haliwezi kuwa la kabla ya utawala wa mfalme huyo.

Kwa sababu hizo, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kuchimba au kusafirisha mambo ya kale nje ya Kenya bila kibali, na mtu anayeona kigae kikichomoza ufukweni au magofuni afadhali akiache palepale na awaarifu watu wa makumbusho. Wengi hufanya kinyume kwa nia njema: wanakiokota, wanakisafisha, kisha wanakileta kwa fahari bila kukumbuka vizuri kilipotoka. Vitu vya namna hiyo havitupwi. Kazi inayovifaa zaidi ni kufundishia, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuvishika, kuvigeuza na kuupapasa mdomo wa chungu cha kale bila kuharibu ushahidi wowote.