"Nimo Lakini Kama Simo": Ubongo Unapoacha Kuhisi Nafsi Yake

Kila Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, ikikaribia, kauli hii hurudi mezani kwetu: "Nimo lakini kama simo." Mtu anaongea, sauti yake anaisikia kama ya mwingine. Mkono anauona, ila hauhisi kuwa wake.

Hali hii ya kujihisi mgeni kwa nafsi yako kitaalamu huitwa "depersonalization", na si wazimu. Huyu anajua fika kwamba yeye ni yeye. Kinachokosekana ni kujihisi.

Ndani ya kila upande wa ubongo kuna sehemu iliyojikunja iitwayo insula. Hiyo hupokea muda wote habari za mapigo ya moyo, pumzi, tumbo na joto la mwili. Habari hizo zikichanganyika na hisia, unajihisi uko ndani ya mwili wako. Hofu ikizidi, hisia hufifia kana kwamba zimepunguzwa sauti, na nafsi hufifia nazo.

Hali hii huja baada ya kukesha, mshtuko, bangi, au kuhema haraka. Hapo kwenye kuhema ndipo wasaidizi wanapoharibu. "Vuta pumzi! Vuta tena!" Akivuta kupita kiasi, kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, mishipa ya ubongo husinyaa, vidole hufa ganzi, na ile hali ya kujihisi mgeni inazidi. Vuta kwa pua sekunde 4, toa taratibu sekunde 6, kwa dakika 5. Na kioo kiacheni! Ukiukodolea macho uso wako kwenye mwanga hafifu, ndani ya dakika moja hivi unaweza kuonekana mgeni, hata kama huna tatizo lolote.

Hali ikijirudia au ikikuzuia kufanya kazi, nenda kituo cha afya ukiwa na maandishi: tarehe, saa ilipoanza, imedumu dakika ngapi, ulilala saa ngapi, ulitumia nini. Bangi itajwe; mhudumu anauliza ili akutibu, si akushtaki. Dawa unazotumia zije na pakiti zake, maana "vile vidonge vyeupe" si jina la dawa. Na usiziache ghafla kwa kushuku kwamba ndizo zinazoleta hali hii. Daktari anaweza kupima sukari na homoni za tezi ya thairoidi. Ikiwa huwa unapotewa na fahamu au unatafunatafuna bila kujua, anaweza kukuandikia kipimo cha umeme wa ubongo (EEG), kwa sababu kuna kifafa kinacholeta hali hii hii. Usipotaja dalili hizo, kipimo hicho huenda kisiandikwe, na unaweza kuzungushwa miezi.

Upande mmoja wa mwili ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, tena usiende peke yako.